Nenosiri Ambalo Mama Hakutaka Kulijua

Saa nane mchana nilifungua mlango wa mbele nikawakuta wamejipanga kwa vigoda juu ya msingi wa nyumba yetu, migongo ukutani, simu mikononi, wakijikinga na ule upepo wa Juni unaoteremka milimani na kupenya sweta mbili. Wanawake wa jumuiya yetu ya sala, na binti zao wawili watatu. Walinisalimia kwa furaha. Niliwaamkia shikamoo nikarudi ndani, nikihesabu simu zilizokuwa zikivuta mtandao wetu.

Saa kumi mhariri angenipigia kwa video tupitie riwaya yangu ya kwanza. Wiki iliyotangulia tulijaribu. Uso wake uliganda mdomo ukiwa wazi, sauti ikaja vipande vipande, mpaka akaniandikia ujumbe kwamba tungejaribu mara moja tena, kisha angeendelea na waandishi wengine. Miaka minne ya kuandika ilikuwa imefika mahali inategemea kisanduku cheupe chenye taa tatu.

Kisanduku hicho, ruta, kilikaa juu ya kabati la vyombo, kimefunikwa kitambaa alichokifuma mama. Kilipofungwa, mama ndiye aliyechagua nenosiri: jina la mtakatifu msimamizi wa jumuiya yetu, herufi ndogo tupu. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Mtu alijaribu tu, mtandao ukafunguka. Nikalibadilisha mwezi uliofuata, nikamwambia mama jipya. Jumamosi jumuiya ikasali kwetu, mwenyekiti akamuuliza, naye akalitaja hapo hapo, rozari ingali mkononi.

"Ulitaka nidanganye?" aliniuliza siku ile. "Watu wametoka kusali, midomo haijapoa, niwaambie sijui?"

Katika nyumba hii hata moto hatujawahi kumnyima jirani. Mtu akija na kipande cha chungu anapewa makaa, na hakuna anayemuuliza atapikia nini.

Lakini makaa ukigawa, moto wako haupungui.

Nilikivua kisanduku kitambaa chake na kukigeuza. Maneno ya kuingilia kwenye mipangilio yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini, na karatasi ilikuwa nyeupe pee. Mama hukifuta kila Ijumaa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, sawa na anavyofuta meza. Nikampigia fundi aliyekuja kukifunga.

"Dada, mambo?"

"Poa. Maandishi ya chini yamefutika."

"Yamefutikaje?"

"Kwa sabuni."

Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Umeosha ruta! Haya, yale ya kiwandani sikuyabadilisha." Akanitajia neno moja fupi, akasema niliandike mara mbili, penye jina na penye nenosiri.

Lilikubali. Nikatafuta sehemu ya waifai, nikafuta nenosiri la zamani, na kidole kikasita. Nje nilimsikia mmoja wao akimchekea mjukuu aliyeko Laela, kwa video, akimwambia afungue mdomo aonyeshe jino jipya. Nikakaa pale nikisikiliza. Halafu nikaandika herufi na tarakimu kumi na nne zisizo na maana yoyote, nikahifadhi. Taa zilizimika. Zikawaka tena moja moja.

Nje kicheko kilikatika.

Mama aliingia akipangusa unga wa ulezi mikononi. "Umetufungia?"

"Nimefunga, mama. Sifungui."

"Hata mimi?"

"Wewe nakupa. Ila usimpe mtu."

Aliacha kupangusa mikono. Kila jioni huongea na dada yangu aliyeko Kirando kwa mtandao ule ule, nilijua anachokipima. Nikaanza kutaja herufi ya kwanza. Akainua kiganja chenye unga.

"Nyamaza. Usiniambie."

"Mama, na dada je?"

"Nikijua, nitasema. Unanijua. Usiponiambia sitakuwa nimemdanganya mtu." Akatikisa kichwa. "Dada yako atangoja. Wewe ulishangoja sana."

Yeye alikwisha kutoka.

"Mama, mtandao umekufa?" aliuliza mwenyekiti.

"Haujakufa. Umefungwa. Mwanangu ana kazi."

"Pasiwedi mpya ni ipi basi?"

"Siijui."

"Wewe! Nyumba yako mwenyewe?"

"Nyumba yangu, ndiyo. Na siijui kweli, niapishe ukitaka." Mtu akacheka, mwingine akaguna kwamba watoto wa siku hizi wamekuwa wachoyo. "Si mchoyo," mama alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Ameandika kitabu. Haya, inukeni, mje mnisaidie kupepeta ulezi, upepo ndio huu."

Nilisikia vigoda vikiburutwa, malalamiko yakizunguka nyumba kuelekea uani, kisha ungo wa kwanza ukianza kulia. Nikafunga dirisha la upande ule.

Saa kumi na dakika mbili simu iliita. Uso wa mhariri ulitokea, ukapepesa macho, ukaendelea kupepesa.

"Nakuona vizuri leo," alisema. "Sura ya tatu ina tatizo kubwa. Utaweza kuiandika upya?"

"Nitaweza," nikasema, nikavuta kalamu.