Kamba Niliyoshindwa Kuikaza

Siku yangu ya kwanza kwenye yadi ya kuni mtaani Baba Dogo, msimamizi alinipeleka nyuma ya pikapu, akanionyesha springi zilizolala bapa chini ya mzigo.

"Gari likikaa hivi, mbele kunakuwa kwepesi," akasema. "Utakata usukani na halitakusikia. Punguza."

Nilikuwa kijana kutoka Kitui, leseni yangu bado mpya. Tulipunguza.

Mtu huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Magogo mazito hulala chini, yakisukumwa mpaka yaguse kebini, ili uzito usining'inie nyuma ya ekseli. Vipande vyembamba huziba mapengo. Kuni mbichi hudanganya macho: unaona bodi nusu tupu, kumbe springi zimeshalala. Juu hupita kamba ya manila, kwa kukingama, na fundo lake lina kitanzi unachokivuta mpaka mzigo ulie. Ukienda kidogo unasimama, unakaza tena, kwa sababu kuni hujipanga upya gari likitikisika. Na hakuna mtu wa kukaa juu ya mzigo, hata akuombe vipi.

Kwa njia hiyo nililisha majiko ya shule na hoteli za Eastleigh miaka mingi. Msimamizi alipostaafu, alikuja meneja wa usafirishaji. Wakati wake ndipo alipoajiriwa Nekesa, mama kutoka Bungoma, kwanza kama mpakiaji. Mimi nilimfundisha kufunga mzigo. Baadaye alipata leseni, akapewa pikapu ya pili.

Kisha vidole vyangu vikaanza kukakamaa. Asubuhi za baridi nilikuwa nikivuta kamba na kudhani imekaza.

Siku moja meneja alituita madereva na wapakiaji wote. "Mwigeni Mzee Mutinda," akasema. "Hajawahi kuangusha hata kijiti." Wakapiga makofi. Nekesa alipiga pia. Mimi niliinua kichwa kama bwana harusi.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeshafunga mzigo wa shule moja ng'ambo ya mto Mathare, nikaingia ofisini kuchukua simu niliyoisahau. Nilipotoka, Nekesa alikuwa amesimama juu ya gurudumu la gari langu, mguu mmoja kwenye bodi, anaivuta kamba yangu kwa mwili wake wote. Mpakiaji mmoja alikuwa akiangalia mlango wa ofisi. Aliponiona, akakohoa.

"Nekesa, unafanya nini?"

Akashuka polepole. "Naongeza kidogo tu, Mzee."

"Tangu lini?"

Akapangusa mikono kwenye leso. "Tangu mvua ianze."

"Na hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi, Mzee? Wewe ndiye uliyenifundisha."

Niliwatazama wapakiaji. Kila mmoja akapata kitu cha kufanya. Wote walikuwa wanajua. Siku ile ya makofi, walikuwa wanajua.

Nilimwomba Nekesa apeleke mzigo ule. Nilimwona akilini akiteremka kuelekea mto, kina mama wamepanga sukuma wiki kando ya barabara, watoto wakivuka, nikawaza gogo moja likichomoka, kama kamba ingebaki nilivyoifunga mimi. Nikaenda kwa meneja na kumwekea funguo mezani.

"Lakini umri wako bado, Mzee," akasema.

"Mikono imefika."

Siku ya kuniaga alitaka kunisifu tena. Nikasimama kabla hajamaliza, nikawaambia kwamba kamba zangu za msimu ule wa mvua zilikazwa na Nekesa. Hakuna aliyepiga makofi. Walitazama chini, nami nikatazama chini, kisha tukanywa soda.

Vijana wa mtaa huniuliza siku hizi, "Mzee, si umepumzika mapema?" Nawajibu kwamba kazi ile inataka mtu ajijaribu mwenyewe kila asubuhi, jinsi anavyojaribu breki. Mimi nilijaribiwa na wengine, kwa siri, kwa kunionea huruma. Hapo ndipo uso bado huniwaka.

Jumapili iliyopita Nekesa alikuja kunijulia hali. Mke wangu alikuwa kanisani. Nikashindwa kuzungusha kifuniko cha chupa ya chai. Nekesa akanyoosha mkono, kisha akaurudisha.

"Nikufungulie, Mzee?"

"Nifungulie," nikasema.