AI ilinitajia ugonjwa wa Masanja, halafu ikatutuma kliniki isiyokuwepo

Wakuu, poleni na mihangaiko. Vuteni viti. Haya ninayoyaandika yamenitokea mwenyewe, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Kwanza mnijue kidogo. Shule niliiacha darasa la sita, miguu haikutaka kukaa. Nimeuza maji ya baridi Nyasubi, nimebeba viroba Shinyanga mjini, nimesukuma toroli la mawe kwenye machimbo mengi ya upande wa Geita. Kitu ambacho hakijawahi kuniacha ni kuuliza. Kwa nini mwezi unaonekana mchana? Maji ya mvua yakizama ardhini yanakwenda wapi? Zamani nilionekana mwehu. Siku hizi nina simu.

Kwenye machimbo tuliyokuwepo mwaka huu, network ilipatikana juu ya kilima cha marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu. Asubuhi mchanga ule ni laini, wa kijivu. Ukikaa juu yake unaona karasha zinasaga mawe huko chini, vumbi linapanda taratibu, watu wanatokea ndani yake na kupotea tena. Nilikuwa napanda pale na chai yangu na kuuliza simu mambo mpaka bando linaisha.

Search ya kawaida naiona kama kufika stendi. Kila mpiga debe anakuvuta kwenye basi lake, twende huku, twende kule, na wewe ndiye wa kuchagua. Mimi napenda. Nafungua link hii, inanipeleka ile, saa mbili baadaye nasoma habari za samaki wasio na macho wakati nilianza na bei ya tochi.

AI ni tofauti. Ni kama mtu mpole aliyekaa pembeni yako, anakuuliza, "Unakwenda wapi?" halafu anakusikiliza. Sitataja ni app gani, maana sikuja hapa kufanya matangazo.

Sasa Masanja.

Masanja ndiye aliyekuwa mwenzangu wa kazi. Mimi nilibeba, yeye aliosha. Mkono wake kwenye karai ulikuwa mwepesi kiasi kwamba watu walikuja kumwangalia tu. Lakini mwaka huu mikono yake ilianza kutetemeka. Kwanza kidogo, kikombe kinagonga meno. Baadaye akawa anamwaga mchanga wenye dhahabu kabisa. Usingizi ukamkimbia. Akawa mkali kwa kila mtu, hata kwa mkewe, Mama Kulwa, ambaye hana neno na mtu.

Zahanati walimpima malaria, wakampa dawa, mikono ikaendelea.

Akaenda kwa mganga wa kienyeji. Mganga akamwambia mikono yake inatikiswa na mwanamke mzee wa ukoo wake.

Wakuu, mwanamke mzee aliyebaki kwenye ukoo wa Masanja ni mmoja. Shangazi yake, Kabula, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Anaishi peke yake kijijini, nje ya Shinyanga mjini ukishapita Ngokolo. Ndugu zake Masanja wakapanga kikao Jumamosi. Ajenda ilikuwa moja, bibi yule aondoke kwenye ardhi ya ukoo. Mnaotoka kwetu mnajua maneno kama hayo yakishasemwa juu ya bibi kizee yanaweza kuishia wapi, panga halichelewi.

"Na wewe unaamini?" nilimuuliza.

Akanionyesha mikono yake. "Hii unaiona au huioni?"

Ilikuwa Jumatano. Nikapanda kilimani na simu.

Nilianza na search. Nikaandika "mikono kutetemeka sababu". Yakaja mambo mengi: uzee, kisukari, pombe, mawazo, tangazo la mafuta ya kupaka. Nilisoma mpaka macho yakauma. Kila ukurasa ulikuwa unazungumza na mtu mwingine, si Masanja.

Nikahamia AI. Nikaieleza kama ninavyowaeleza nyie. Ikaniuliza anafanya kazi gani. Nikajibu. Ikaniuliza kama anatumia zebaki, na anaichomea wapi.

Nikaweka chai chini.

Kwa wasiojua: zebaki inamwagwa kwenye mchanga, inaikumbatia dhahabu, unakamua kwa kitambaa, kinabaki kidonge cheupe. Ukikichoma, zebaki inapaa kama moshi na dhahabu inabaki. Ni kitu kizuri kukiangalia, siwezi kuwadanganya. Kiganjani zebaki inateleza kama tone la mwezi. Na pale kwetu wengi wanaamini kwamba dhahabu ikionwa na macho mengi wakati wa kuchomwa, inakimbia. Kwa hiyo Masanja alichomea chumbani, kwenye jiko la mkaa, mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa gunia. Miaka minne. Nikaiandikia hayo yote.

AI ikasema moshi huo unaweza kuleta kutetemeka, hasira, kukosa usingizi. Ikasema si lazima iwe ndiyo sababu, apimwe. Nikauliza wapi. Ikanipa jina la kliniki ya kupima zebaki Buseresere, barabara ya kwenda Biharamulo, jengo la pili baada ya stendi. Ilisema kwa upole uleule, bila kusita.

Alhamisi asubuhi tukaondoka. Masanja alikubali shingo upande.

Jengo la pili baada ya stendi lilikuwa mashine ya kusaga. Tulisimama mlangoni, unga unaelea kwenye mwanga wa jua, kila kitu cheupe kama ndoto. Mama mmoja mwenye unga mpaka kwenye kope akatuuliza shida yetu.

"Kliniki ya zebaki?" akacheka. "Baba, hapa tunapima mahindi tu. Jamani, njooni mwone wagonjwa wangu!"

Tuliuliza dukani, tukauliza bodaboda. Hakuna aliyewahi kuisikia.

Masanja hakucheka. "Rafiki yako wa kwenye simu ametunga kliniki," alisema. "Basi na ugonjwa ametunga. Mganga hajawahi kunituma mahali pasipokuwepo."

Wakuu, kwa hesabu za kawaida alikuwa na haki. Akaanza kutafuta gari la kumpeleka Shinyanga akasubiri kikao cha Jumamosi.

Nikamwomba dakika kumi. Nikarudi kwenye search, safari hii nina neno mkononi. Nikaandika "zebaki wachimbaji kutetemeka". Ukaja waraka wa Kiswahili wa kufundishia wachimbaji, una picha. Nikamgeuzia kioo.

Picha moja ilikuwa ya mtu amechuchumaa chumbani anachoma, jiko lipo karibu na kitanda. Masanja akaisogeza simu karibu na macho, inatetemeka mkononi mwake.

"Huyu nani kampiga picha?" akauliza kwa sauti ndogo. "Hii si ni kwangu?"

Chini ya picha hapakuwa na jina la kliniki yoyote. Paliandikwa tu kwamba nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe, uwaambie wazi kwamba unachoma zebaki. Hicho ndicho Masanja hakuwahi kusema zahanati. Siri ya dhahabu yake aliificha hata kwa aliyekuwa anamtibu.

Tulikuwa tumekipita kituo cha afya asubuhi tukiwa njiani. Tukarudi hapohapo.

Daktari, mama wa makamo, alimpa kalamu achore duara. Likatoka kama njia ya nyoka.

"Unachomea wapi?"

Masanja akainamisha kichwa. "Chumbani."

"Na mkeo analala wapi?"

"Humohumo. Na watoto."

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema dalili zinaendana, ila mkojo wake lazima upelekwe maabara kubwa, majibu yatachukua muda. Kuchoma kuishe leo. Mke na watoto waje.

Jumamosi majibu yalikuwa bado. Masanja angeweza kusubiri. Aliingia kwenye kikao na kusema, "Aliyenifanya hivi ni mimi mwenyewe." Kaka yake mkubwa akamuuliza kwa dharau, "Simu ndiyo imekwambia?" Akajibu, "Simu imenidanganya pia. Nimemwambia daktari ukweli ndiyo nikajua." Kikao kikavunjika bila kuamua.

Tulitoka hapo mpaka kwa shangazi. Alikuwa anaanika michembe ya viazi vitamu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mhola?"

Kwa Kisukuma alikuwa anauliza kama tu wazima; Masanja akaangalia mikono yake. Bibi akatuletea uji, na sijui kama alikuwa amesikia habari za kikao. Nadhani alikuwa amesikia. Masanja alipoinua bakuli, uji ukamwagika mpaka kwenye suruali, akaanza kuomba radhi, na radhi ile haikuwa ya uji.

Shangazi akamshikia bakuli kwa mikono yake miwili.

"Kunywa," alisema. "Nilikulea unamwaga hivihivi."

Majibu yalikuja baadaye, ni zebaki kweli. Mikono imepungua kutetemeka, haijaisha. Mama Kulwa na watoto wanaendelea kuangaliwa.

Nilichojifunza mimi: AI ilinipa swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza Masanja, na hilo sitaacha kuishukuru. Lakini sauti inayotumia kwenye kweli ndiyo hiyohiyo inayotumia kwenye uongo. Search haina upole, inakuachia utafute mwenyewe, ila unaona nani kaandika na unaweza kumgeuzia mwenzako kioo akajiona. Sasa nauliza kule, nahakiki huku, na kabla ya kupanda gari napiga simu kwa mtu.

Wewe je, mkuu, iliwahi kukutuma mahali ukakuta mashine ya kusaga? Na kama kuna mtu humu anachomea ndani, usinijibu mimi. Fungua dirisha kwanza, halafu nenda kapime.