Eti Wizi wa Ng'ombe

Juzi kwaya yetu ya Rodi Kopany, ninakoishi tangu nikimbie kwetu, ilienda kutazama handaki la vita vya Mjerumani na Mwingereza, kule juu ya Ntimaru. Wenzangu hawakujua ni nyumbani kwetu. Wewe rafiki yangu nakwambia: nililijua handaki hilo kabla halijazungushiwa seng'enge.

Miaka ya tisini lilikuwa letu sisi watoto. Nyanya alianika muhogo kwenye mwamba kando yake, kazi yetu kufukuza mbuzi. Ukichoka unateleza ndani, udongo baridi unakugusa mgongo, huku juu nyanya anasaga wimbi kwa jiwe, kru, kru, akitutania: "Nyinyi wanajeshi wa ugali, tokeni huko!"

Halafu chifu akaja. Nasema chifu, na watu wa kwetu wanajua ni yupi. Akakusanya pinde na mishale yote ya upande wetu, eti serikali itatulinda. Nyanya akamuuliza, "Mwanangu, na wale wa ng'ambo ya mto wanaotuibia ng'ombe, umewanyang'anya pia?" Akacheka, akamwita mkorofi.

Wiki hiyohiyo wale wa ng'ambo wakavuka mto. Mimi nilijitupa handakini. Nyanya alibaki mlangoni na mwiko wa ugali, akiwafokea kama vile wao ndio mbuzi. Wakamuua hapo. Ng'ombe wetu walipitishwa mbele ya nyumba ya chifu mchana kweupe, hadi barabarani lilikokuwa lori la diwani wetu. Kila mtu aliona. Hakuna aliyeshtakiwa.

Sasa juzi pale handakini, kijana anayeonyesha wageni akatusimulia habari za askari wa zamani kwa heshima, sauti chini kama yuko matangani. Nikamuuliza, "Na vita vya hapa, vya juzi?"

"Ah, mama, ile haikuwa vita. Ile ilikuwa wizi wa ng'ombe."

"Kwani nyanya yangu alikuwa ng'ombe?"

Wanakwaya wakacheka, wakidhani natania.

Kijana aliponitazama usoni akaona haya. "Pole, mama. Mimi nasema nilivyofundishwa na mwenyekiti wetu wa kamati ya handaki."

"Mwenyekiti ni nani?"

Akamtaja diwani. Yuleyule wa lori. Mzee sana siku hizi, akasema, lakini ndiye anayeijua historia ya hapa.

Mwamba wameuvunja kokoto. Pale mlangoni pa nyanya pamelimwa tumbaku, hata kaburi hulioni. Ng'ombe alichukua yeye, na sasa hata kazi ya kukumbuka wamempa yeye.