Hodi ya Barabarani

Mwamini hakuwahi kulijua jina la karani yule. Enzi zile za Mdachi, yeye na wanawake wenzake wa Minago walianika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, barabarani, maana hapakuwa na ardhi ngumu na safi kama ile, na kila Jumapili makarani watano wa boma walikuja na baiskeli zao, wameiziba njia nzima, kengele zikilia. "Ondoeni uchafu wenu, barabara ni ya serikali!" Wanne walipita juu ya samaki. Wa tano, mwenye vidole vya wino na suruali iliyofungwa chini kwa kamba ya mgomba, alishuka kila mara, akaibeba baiskeli begani, akasimama kando ya ndagala kama mtu aliyefika mlangoni.

"Hodi, wamama."

"Karibu, baba."

Ndipo alipopita, akinyata. Siku moja wenzake walimgeukia wakicheka: "Mke wako huyo unayembeba?" Aliilaza baiskeli majanini, akachuchumaa, akawapanga upya ndagala waliovurugwa na magurudumu, mmoja mmoja, kwa mstari, kama anayeandika.

Mdachi alishaondoka, na makarani wake. Lakini hata leo, kengele za baiskeli zikipita nje ya ua, Mwamini hujikuta ameshaitika, "Karibu, baba," na hakuna aliyepiga hodi.