Mzinga Uliokuwa Ngoma Yangu

Bibi yangu anasema nimefukuza viazi nyumbani kwao. Ni kweli. Kile chumba cha nyuma tulichokijenga kwa ajili ya viazi, hapa Ruiri, sasa kina karibu seti nzima ya ngoma za bendi, na viazi viko chini ya kitanda chetu. Tunalala juu yao kama kuku anayeatamia. Akikasirika sana ananiuliza kama watoto wakija Krismasi nitawachemshia ngoma. Mimi namwambia avumilie, hizi ngoma zina kazi moja tu, ikiisha nitazitoa. Hiyo kazi anaijua. Kuna mtu mmoja huko chini Mbeere ambaye nataka azisikie, halafu aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba mimi nikipiga sikimbii mbele ya wimbo.

Shule niliacha darasa la pili nikaenda kuchunga, kwa hivyo nikiruka mbele na kurudi nyuma mnivumilie. Hata ng'ombe nilikuwa nawapeleka hivyo hivyo, na jioni walifika.

Huyo mtu alikuwa mpiga gitaa na mkubwa wa bendi yetu. Mimi nilikuwa mpiga ngoma. Tulipiga Embu mjini, kwenye baa moja yenye sakafu nyekundu iliyopakwa nta, na watu walitoka mpaka Manyatta na gambuti zao za shambani ili waje wacheze. Ngoma zilikuwa zangu. Nasema hivyo mapema kwa sababu hapo ndipo shida yote iko. Nilizipata Nanyuki nilipokuwa naosha vyombo hotelini. Mzungu mmoja aliyekuwa akizipiga alikuwa anarudi kwao, na alikuwa ameniona kila siku nikipiga sufuria kwa mwiko, akaniambia chukua. Zilikuwa nyekundu, lakini nyekundu ya kumetameta, kama mtu amesaga chupa akazimwaga kwenye damu. Kulikuwa na ile kubwa ya kupigwa kwa mguu, mbili za kati, ile ndogo yenye nyaya tumboni inayolia kama mahindi kwenye kikaango, na matoazi mawili ya shaba.

Basi baba yangu akafa. Nikarudi Ruiri kumzika. Mimi ni kifungua mimba, siwezi kumzika baba na kupanda gari siku hiyo hiyo, kwa hivyo nikakaa mpaka mambo ya boma yakatulia. Niliporudi Embu ilikuwa Jumamosi mchana, na nilizisikia kabla sijaingia. Mtu alikuwa anapiga ngoma zangu. Alikuwa mpwa wa mpiga gitaa, mtoto wa dada yake, ambaye kazi yake siku zote ilikuwa kubeba spika.

Nikasimama mlangoni na kofia mkononi. Mpiga gitaa akaniona, akasimamisha wimbo, akasema kwenye maikrofoni baa nzima ikisikia:

"Karibu, Mmeru. Pole kwa mzee. Sasa kaa hapo na wateja usikie vile ngoma hupigwa bila kukimbia."

Watu wakacheka. Akaongeza, "Nyinyi watu wa Ruiri mnapiga kama mtu anawahisha miraa kabla haijanyauka."

Nikamjibu kwamba watu wa Mbeere hutafuna muguka, ile miraa yao ya majani, mpaka wimbo unaisha hawajajua ulianza. Wakacheka tena, lakini kicheko nilichopewa mimi kilikuwa kidogo. Mimi nilijua, na yeye alijua.

Nikadai ngoma zangu. Akasema ni za bendi. Nikarudi na mzee wa mtaa, akamkaribisha chai, akamwambia ni za bendi. Halafu bendi yenyewe ikafa, kama bendi zote, na ile baa ikawa duka la mbolea. Nikamwendea mara nyingine, peke yangu. Alikuwa anapalia kunde. Hakuacha jembe. Akaniambia kwa upole, na huo upole ndio ulioniingia:

"Ngoma sina. Nimezigawa, moja huku, moja kule. Si wewe ni mtu wa mbio? Zikimbilie."

Nikaoa, nikalima, nikazeeka, na yale maneno yakakaa ndani yangu kama mwiba ambao ngozi imeshafunga juu yake. Kanisani wanatuambia tusamehe. Mimi nimesamehe wengi. Nimemsamehe jirani aliyesogeza mpaka, nikamsamehe ndugu yangu kwa jambo ambalo siwezi kuliandika hapa. Huyu mmoja nilimbakisha. Mtu anahitaji mmoja wa kumbakisha.

Nilianza kuzitafuta watoto wangu walipokwisha kuondoka nyumbani. Toazi nililipata kwa sikio. Nilikuwa Manyatta kutafuta miche ya makadamia, shule ya chekechea ya hapo ikapiga kengele ya uji, na mimi nikasimama katikati ya njia kama nimeitwa na mama yangu. Kengele ilikuwa toazi langu, limetundikwa kwa waya kwenye mti. Mwalimu akasema hawezi kutoa kengele ya shule. Nikarudi na kengele ya kweli, ya chuma. Akaigonga, akasikiliza, akasema, "Mzee, hii yako ni nzuri, lakini ile ya zamani ni tamu zaidi."

"Najua," nikamwambia, na nikaondoka nalo kabla hajabadilisha mawazo. La pili sijalipata mpaka leo.

Ile ya nyaya ilikuwa Embu mjini, mtaa wa Majimbo, kwa mama mmoja msusi. Wateja wake walikuwa wanaikalia wakisukwa, na alikuwa ameishonea kitambaa cha maua. Zile mbili za kati, moja ilikuwa inalaliwa na kuku, nyingine imeshonewa gunia chini, imejaa mbegu za maharagwe. Kila mwenye nyumba nilimuuliza aliipata wapi, na kila mmoja alimtaja mtu yule yule. Aliwapa bure. Hakutaka hata asante. Hapo ndipo nilipojua kwamba alizunguka nazo akinifikiria mimi.

Kuzitengeneza hakukuwa kazi ngumu, ni kazi ya kutulia. Kutu niliitoa kwa mafuta ya taa na kitambaa. Ile rangi nyekundu, pale ilipobaki, sikuigusa na msasa. Ngozi za plastiki mwanangu aliniletea kutoka Nairobi, nikazifunga, zikalia kama debe. Nikarudi kwa mbuzi. Ngozi ya beberu ni nene, hiyo ni ya ngoma za kucheza uwanjani. Mimi nilitaka ya mbuzi jike aliye bado mdogo. Unaikwangua nyama, unaipaka majivu mpaka manyoya yaachie, unaitandaza kwa vigingi kivulini. Ukiianika juani itakudanganya kwamba imekauka vizuri, halafu itapasuka siku utakapoikaza. Kila nilipokwangua nilimwona yeye. Nilikwangua vizuri sana.

Ikabaki ile kubwa. Mama msusi ndiye aliyeniambia.

"Hiyo alisema hampi mtu," akasema. "Hiyo aliifanya mzinga."

Ikabidi nikae kwenye kiti chake cha kusukia. Kama hujui mambo ya Mbeere, nitakueleza. Mzinga wa mtu hutundikwa mtini, una alama ya mwenyewe, na hakuna mkono mwingine unaougusa. Mtu anaweza kukuibia kuku mkayamaliza kwa mazungumzo. Akishusha mzinga wako, hata wale waliookoka na kuacha mambo yote ya zamani hawamwangalii tena vile vile. Na ukiwa na nyuki ndani, mwenyewe tu ndiye anayejua saa ya kuukaribia. Huyo mtu aliweka ngoma yangu mahali ambapo siwezi kuichukua bila kuitwa mwizi wa asali.

Nilienda nikauona. Uko kwenye mgunga kando ya njia, umezibwa mbao pande zote mbili, umeachwa tundu. Wekundu ulikuwa bado unaonekana upande wa chini. Alama yake alikuwa ameichoma kwa chuma cha moto juu ya mbao zangu. Nyuki wanaingia, wanatoka, kama watu wa soko.

Nyuki hawahami penye maua. Wanahama kiangazi kikizidi. Kwa hivyo nikaanza kuomba kiangazi.

Nalisema wazi kwa sababu sikuona haya wakati ule na sitajifanya naona sasa. Mchungaji alituita kuombea mvua, tukasimama wote, mikono juu, na mimi mikono juu, naomba jua. Mahindi yangu yakaanza kukunja majani. Nikawa napita katikati yao asubuhi kama mtu aliyepata habari njema.

"Unacheka nini shambani?" bibi yangu akaniuliza.

"Sicheki."

"Meno nimeyaona, baba watoto."

Nikamweleza. Aling'oa shina moja lililokauka, akalitazama mizizi. "Haya," akasema, "basi mwaka huu tutakula ngoma." Na karibu tule kweli. Ng'ombe tuliuza wakiwa mbavu. Lakini huko Mbeere mzinga ukanyamaza, na mtu aliyekuja Ruiri kununua viazi akaniletea habari.

Nikaenda. Nyumbani kwake nilipokewa na binti yake, mama mtu mzima, ndiye anayemtunza.

"Karibu, mzee. Ni baba unamtaka?"

"Ndiye."

"Mwonyeshe kwa mkono tu. Baba aliacha kusikia kitambo, hata radi haisikii."

Aliniletea kiti. Nilikuwa nimechunga hasira hiyo miaka yote, nimeilisha, nimeinywesha, nimenyima mahindi yangu mvua kwa ajili yake, na sasa mwenye masikio hana masikio.

Yeye alikuwa ameegemea ukuta wa jikoni anapukuchua kunde. Akaniinulia macho, akanijua papo hapo.

"Mmeru," akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Maisha yako yote unakimbia, leo ndiyo umechelewa?"

Nikamwonyesha mti. Akacheka mpaka kunde zikamwagika.

"Nyuki wamehama. Mimi mwenyewe nimekuruhusu, huyu binti ni shahidi. Lakini utapanda wewe."

Nikavua viatu nikapanda. Mzee kama mimi, miiba ya mgunga inaniingia kila mahali, na yeye chini amejishika kiuno, anawaambia majirani, "Mwoneni. Hata mtini anakimbia."

Nyumbani nilipoibandua zile mbao, harufu ya nta ilijaa chumba mpaka bibi yangu akaja kuchungulia. Zile ngoma nyingine zilikuwa zimeliwa na wadudu, nilikuwa nimeziba mashimo kwa unga wa mbao na gundi. Hii haikuwa na tundu hata moja la mdudu. Nyuki walikuwa wamepaka ile gundi yao nyeusi kwenye kila ufa, na mbao zilikuwa nzima kuliko siku niliyoziacha. Hilo liliniuma. Nilitaka niikute imeoza ili haki yote iwe yangu.

Alama yake sikuifuta. Niliigeuza ikaelekea chini, ikae kwenye vumbi.

Nikaita pikapu. Bibi yangu akaniuliza, "Mtu hasikii. Sasa unampelekea nani?" Nikapanda, gari lilikuwa limeshawashwa.

Nilizipanga uani kwake. Nikapiga ule wimbo waliokuwa wakiupiga Jumamosi ile niliposimama mlangoni. Mikono yangu si ya ujana lakini inakumbuka. Wanawake waliokuwa wakipita na mitungi wakaitua. Binti yake akaanza kutikisa mabega, kisha jirani, kisha uani kukawa na watu wanacheza mavumbi yanapanda. Niliwashinda wote isipokuwa mmoja. Yeye alikaa ananitazama mikono kama mtu anayetazama mwingine akifua nguo.

Halafu akainuka. Akasogeza kigoda chake mpaka mbele ya ile kubwa, akavua akala zake za tairi, akaweka nyayo zote mbili kwenye mbao na kiganja kwenye ngozi. Akafunga macho.

Nikajua ananisikia. Basi nikampa. Kila pigo la mguu nilimpelekea mahali pake: hilo la baa, hilo la mpwa, hilo la jembe na kunde, hilo la ng'ombe wangu waliouzwa mbavu. Mwili wake ulikuwa unatetemeka kuanzia kwenye magoti. Kidevu kilikuwa kinatikisika, nami nikakiangalia kile kidevu, nangojea machozi. Nilikuwa nimejiahidi machozi.

Wimbo ukaisha. Watu wakapiga makofi. Akatoa mkono kwenye ngozi taratibu, akaupangusa kwenye suruali.

"Mbao zimelia vizuri," akasema. "Nyuki wangu walifanya kazi."

Kisha akanitazama.

"Lakini bado unakimbia."

Wakacheka uani kote. Kilikuwa kicheko kile kile cha sakafu nyekundu.

Nikafungua skurubu moja moja, nikapakia, nikarudi Ruiri bila kuaga. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua. Tangu wakati huo nimeshaenda tena na tena. Mwenye pikapu siku hizi haniulizi tunaenda wapi. Nikifika namkuta kigoda ameshakiweka mahali pake na miguu iko wazi, na binti yake ananiambia tangu asubuhi amekuwa akiuliza kama yule Mmeru amekuja. Nampigia wimbo ule ule. Ananijibu jibu lile lile.

Viazi bado viko chini ya kitanda. Nimemwambia bibi yangu kwamba siku moja wimbo utaisha na yule mzee atakosa la kusema, na hapo nitazitoa ngoma. Akaniuliza, na akifa je? Nikamwambia huko kunyamaza hakuhesabiki.