Gunia la Mama na Bwawa la Mji

Manispaa ilipoanza kutafuta mahali pa kuchimba bwawa la maji ya mvua, mimi nilikuwa wa kwanza kukasirika. Tangu lami ifike mjini kwetu, kila mvua ya alasiri iliteremka hadi sokoni, na akina mama wa mboga walikuwa wamechoka kuuza sukuma wiki wakiwa wamevaa gambuti. Bwawa lilihitajika, hilo sikulikataa. Lakini mhandisi alikuwa na sehemu mbili tu kwenye ramani yake: kona ya uwanja wa shule ya msingi, au bondeni, kwenye shamba la nepia la mama yangu.

Nyasi hizo ndizo zilizomlisha ng'ombe wake wa pekee. Majani chai yake ni mistari michache nyuma ya nyumba. Mama aliishi kwa maziwa. Bila nepia hakuna ng'ombe, na bila ng'ombe sikujua mama yangu angeamka asubuhi afanye nini.

Kwa hiyo niliandika barua ya kupinga. Mimi nikishika kalamu huwa sishikiki. Niliandika kwamba shamba lile ni kavu mwaka mzima, kwamba maji hayajawahi kupita pale, kisha nikazunguka nikikusanya sahihi. Majirani wengine walitia sahihi kwa kumpenda mama, wengine ili niwaondokee mlangoni.

Siku ya kikao cha kamati ya bwawa, ukumbi wa kanisa ulijaa. Nilisoma barua yangu kwa sauti ya mhubiri, watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akageukia benchi la mbele alipokaa mama.

"Kogo, uko na neno?" aliuliza. Kogo ni nyanya kwa Kipsigis, na huku kwetu mwanamke mwenye mvi huitwa hivyo kwa heshima.

Mama alisimama, akavuta gunia kutoka chini ya benchi. Nilikuwa nimedhani ni mahindi ya kupeleka kusagwa. Akalimwaga sakafuni. Yakatoka malapa yasiyo na wenzake, kifuniko cha sufuria, kiatu cheusi cha mtoto wa shule, kopo la kupimia maharagwe, vyote vikiwa na matope yaliyokauka.

"Hizi vitu zote nimetoa kwa nepia yangu tangu lami ikuje," alisema. "Mvua ikinyesha, mji yote inakuja kwangu. Nyinyi watu wa shule, huko kwa uwanja mmeokota nini?"

Mwalimu mkuu alitikisa kichwa. Hawakuwa wameokota kitu. Mama mmoja wa mboga akapaza sauti kutoka nyuma, "Woi! Hiyo kopo ni yangu!" akaja mbio kulichukua, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mwenye macho haambiwi tazama. Mhandisi alikunja ramani yake, akamwomba mama amwonyeshe maji yanapoingilia. Wakateremka bondeni, mama mbele, yeye nyuma na viatu vyake vya ngozi, akiteleza.

Nilibaki nimeshika barua yangu. Nilimkasirikia mama yangu na kumwonea fahari kwa pamoja, mpaka machozi yakanitoka. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, lakini ndiye peke yake katika ule ukumbi aliyekuwa ameyafuatilia maji mvua baada ya mvua, akijua wazi yanataka kwenda wapi.

Kamati iliamua siku hiyo hiyo: bondeni. Waliahidi kumfidia, lakini fidia hailiwi na ng'ombe. Jioni nilimkuta akikamua, nikaanza bila hata kumsalimu.

"Sasa huyu atakula nini?"

"Atauzwa," alisema bila kugeuka. "Huyu, na mama yake, na nyanya yake, niliwafuga ndio usome." Akaisogeza ndoo, akaendelea kukamua. "Sikuwafuga ndio ujue kuandika uongo."