Wiki Tatu Doha na Daftari la Mutua

Shule zilipofungwa mwezi wa nane, nilikwenda Doha kumfundisha mdogo wangu kuandika. Majirani kule Kitui walidhani nakwenda kutalii, nami sikuwasahihisha. Baba alipofariki, Mutua aliacha shule darasa la nne akachunga mbuzi ili mimi niendelee, na ndiyo maana leo mimi ni mwalimu. Yeye sasa ni mlinzi wa jengo la makazi katika mtaa wa The Pearl. Kwa miaka miwili ripoti zake za zamu ziliandikwa na Hamisi, rafiki yake wa Tanga. Hamisi alipomaliza mkataba akarudi kwao, na msimamizi akatangaza kwamba kila mlinzi ataandika ripoti kwa Kiingereza mbele yake. Atakayeshindwa atarudishwa nyumbani.

Kwenye uwanja wa ndege, mlango ulipofunguka, joto lilinipiga usoni kana kwamba nimefunua sufuria ya muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, ikichemka. Mutua akapokea sanduku langu.

"Siz, umezeeka."

"Na wewe umenenepa. Kesho saa mbili tunaanza."

Wiki ya kwanza, mtaa wa Al Mansoura. Nililala kwa wanawake wa Kenya waliopanga pamoja. Zamu ya Mutua ilianza saa nane mchana, kwa hiyo asubuhi tulikaa mkahawani tukinywa karak, chai nzito ya maziwa na iliki. Nilimpa sentensi ishirini za Kiingereza azikariri, kama ninavyofanya na darasa langu. Alizikariri zote, lakini nikibadilisha neno moja anakwama. Siku ya tano nilimfokea mbele ya watu. Naona aibu hata kusimulia.

Akafunika daftari. "Mimi si mtoto wa class four, siz. Hiyo class niliacha ndio wewe uendelee."

Nikalipa chai, naye akaenda kazini.

Wiki ya pili, The Pearl. Nilimsindikiza kazini ili nimwombe msamaha njiani. Alinisamehe kwa kunibebea mkoba, ndivyo alivyo. Tulipofika mapokezi, mpangaji mmoja aliliona daftari mezani. Alikuwa Mzee Wendell, Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu. Mutua alitaka kulificha, lakini mzee akavuta kiti.

"Babu wa baba yangu alizaliwa mtumwa," alisema kwa Kiingereza cha polepole. "Mtumwa akikutwa na kitabu, anachapwa. Alipopata uhuru akawa askari wa farasi, akapelekwa ngome ya mpakani, huko magharibi. Kazi yenyewe haikuwa safi, walitumwa kupigana na wenye nchi ile. Lakini kasisi wa kambi aliwafundisha askari weusi kusoma baada ya lindo. Babu huyo alianza akiwa na miaka thelathini na moja."

Mutua ana thelathini na mbili. Mzee alitoa simu akamwonyesha picha ya ukurasa wa zamani ulioandikwa na babu huyo. Mutua akausoma mwenyewe, kidole kwenye kioo: Jumanne. Upepo mkali. Farasi mmoja anachechemea. Maji kidogo. Wote tupo.

"Hii ni ripoti," akasema.

"Ni ripoti. Aliandika alichokiona tu."

Kesho yake nilizichana sentensi zangu ishirini. Tulitembea mtaani nikimuuliza umeona nini, naye anaandika: paka chini ya gari, bomba linavuja, mtu amesahau funguo. Makosa yalikuwa tele. Niliuma ulimi, jambo ambalo wanaonijua hawataamini.

Wiki ya tatu, siku ya mtihani, nilimngoja dukani karibu na jengo lake. Akaja anatembea polepole, nikajua tumeanguka.

"Msimamizi amesema spelling ni mbaya," akasema. "Lakini ameelewa kila kitu. Nabaki."

Nililia pale pale, mbele ya rafu za sabuni.

Nairobi, nikingoja sanduku langu. Miaka kumi na minane nimewafundisha watoto kuandika sentensi zangu, na ilinibidi nisafiri mpaka Doha ndipo nilione hilo. Muhula huu tutaanza na walichokiona njiani.

Simu ikalia. Tangu aondoke nyumbani, Mutua alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti tu. Sasa alikuwa ameandika:

"Jumapili. Joto kali. Lifti ya pili ni mbovu. Dada ameenda. Wote tupo."